Bessie Stringfield, mwanamuke wa moto kubwa

Moto tunaijua. Kuanzia Lubumbashi mpaka Kolwezi, moto njo inapeleka baba ku kazi, njo inapeleka mama ku soko na mufuko wake wa unga, njo inapeleka mugonjwa ku hospitali usiku wakati gari haipatikane. Lakini zile moto zetu ni ndogo, motere ya sentimita kibe 125 ao 150. Kuna moto zingine, za motere ya sentimita kibe 1000 na kupita. Uzito wake ni kilo 250, 300 na zaidi. Zina kiti pana, sanduku za muzigo kila upande, na kioo mbele ya kukinga upepo. Hizo hazikutengenezwa kwa kukimbizana mu muji. Ni za safari. Mutu anapanda asubui, anashuka magaribi, amepita kilometa 500 ao 800, na kesho anaanza tena.

Wenye moto za namna hii wana vyama vyao. Kila mwaka wanakutana kwa maelfu fasi moja, wanapiga hema, wanaonyeshana moto, wanapika, wanashindana, kisha kila mutu anarudi kwao. Ni furaha kubwa. Lakini kwa muda murefu ile furaha haikuwa ya kila mutu.

Leo tunaeleza maisha ya mutu aliyepanda zile moto kwa miaka karibu 60. Alikuwa mwanamuke. Alikuwa mweusi. Alianza wakati inchi yake ilikuwa na sheria na desturi za kumukataza hata kulala mu hoteli. Jina lake Bessie Stringfield, wa Marekani.

Hadithi mbili za kuzaliwa

Bessie alizaliwa mwaka 1911 ao karibu na hapo. Kuhusu fasi alipozaliwa, kuna hadithi mbili. Ile aliyokuwa anasimulia yeye mwenyewe ni hii: alizaliwa Kingston, mu Jamaika, baba mweusi, mama muzungu. Wazazi walimuleta Boston, Marekani, angali mutoto mudogo. Mama akafa, baba akamuacha, na mama mumoja wa kabila ya Ireland, mukristu wa Katoliki, akamuchukua na kumulea sawa mutoto wake wa kuzaa. Bessie alimupenda sana ule mama, na siku zote alisema kama kila kitu kizuri alichopata mu utoto kilitoka kwake.

Kisha kufa kwake, watu wa jamaa na makaratasi wakaonyesha njia ingine: alizaliwa Edenton, mu jimbo ya North Carolina, kusini ya Marekani, na wazazi wote wawili walikuwa weusi. 

Wengine wakisikia hivi wanasema mara moja: kumbe alidanganya. Sisi watu wa mine tusihukumu mbio. Wazee wetu walitoka Kasai, walitoka Rwanda na Burundi, walitoka Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, wakafika ku mine ya shaba. Wengi wao waliandikwa jina na mwaka namna karani alivyosikia. Ndani ya familia nyingi hapa kuna jina ya kadi ya kazi na kuna jina ya kwetu. Mutu anayetoka fasi ya mateso anaweza kuchagua mwanzo mwingine wa maisha yake. Mweusi aliyezaliwa kusini ya Marekani mwaka 1911 alizaliwa mu inchi ambamo watu walikuwa wananyongwa ku miti juu ya rangi ya ngozi tu. Kama Bessie alichagua kusema alitoka kwingine, tunaweza kuelewa.

Moto ya kwanza

Alipokuwa na miaka 16, alipata moto yake ya kwanza, Indian Scout ya mwaka 1928. Hakuna mutu aliyemufundisha kuiendesha. Yeye mwenyewe alieleza kama alifundishwa mu ndoto, na kama Mungu njo alikuwa mwalimu wake. Maisha yake yote, kila alipopanda moto, alisema hakuwa peke yake juu ya kile kiti.

Moto ya wakati ule haikuwa sawa ya leo. Kuwasha ilikuwa kwa kupiga teke, na kama motere inarudisha teke, inaweza kuvunja muguu. Klachi ilikuwa ya muguu, vitesi vilibadilishwa kwa mukono, fimbo yake ikiwa pembeni ya tanki ya esansi. Kwa hiyo ukitaka kubadilisha vitesi, unatoa mukono mumoja ku usukani, huku muguu mumoja unafanya kazi ya klachi, na njia ni ya mawe na mashimo. Anayeendesha moto ku njia ya udongo wakati wa mvua ataelewa ile ni kazi gani.

Kisha Indian ile, Bessie akahamia ku Harley-Davidson, kampuni ya muji wa Milwaukee iliyoanza mwaka 1903. Hakuiacha tena. Mu maisha yake alikuwa na Harley 27, moja kisha ingine. Mu mwaka 1936 kampuni ile ilitoa motere mupya ya silinda mbili, sentimita kibe karibu 1000, na moto yenyewe ilikuwa na kilo karibu 250. Njo aina ya moto aliyopenda. Yeye alikuwa mwanamuke mufupi, mwembamba. Moto kubwa inasimamishwa na akili na uzoefu kuliko nguvu ya mukono: unajua fasi uzito wake unalalia, hauiachi ianze kuanguka.

Senti juu ya karta

Mwaka 1930, Bessie alianza safari zake ndefu. Namna ya kuchagua njia ilikuwa ya kuchekesha. Alikuwa anatandika karta ya Marekani, anatupa senti moja juu yake, na fasi ile senti iliangukia, kule njo alienda. Kwa njia hii alifika mu majimbo yote 48 ambayo Marekani ilikuwa nayo wakati ule, kwani Alaska na Hawaii ziliingia paka mu mwaka 1959. Watu wanaoandika historia ya moto wanamuhesabu kuwa mwanamuke mweusi wa kwanza kuzunguka majimbo yote yale peke yake juu ya moto.

Tupime kidogo ile inchi. Kutoka New York upande wa mashariki mpaka Los Angeles upande wa magaribi ni kilometa karibu 4500. Kutoka hapa Lubumbashi mpaka Kolwezi ni karibu 300. Basi hesabu wewe mwenyewe ni mara ngapi. Na zile barabara kubwa za Marekani tunazoona ku televizio hazikuwa bado. Sheria ya kuzijenga ilipitishwa mwaka 1956. Mu mwaka 1930, ukitoka mu muji, mara nyingi ulikuta udongo, vumbi, matope. Telefone ya mukono haikuwa. Pne ikipasuka, ni wewe na vyombo vyako.

Usiku wa stasio ya esansi

Lakini matope hayakuwa adui mukubwa. Adui mukubwa alikuwa sheria.

Mwaka 1896, tribinali kubwa kabisa ya Marekani ilikubali kama majimbo yanaweza kutenga weusi na wazungu. Basi mu majimbo ya kusini kila kitu kiligawanywa: ekoli, kiti ya treni, hospitali, bomba ya kunywa maji, hata makaburi. Kulikuwa hata na miji, na si ya kusini tu, ambamo mweusi alipashwa kuwa ametoka mbele ya jua kuzama. Ile haikuisha mpaka sheria ya mwaka 1964, na hata kisha hapo haikuisha siku moja.

Wazee wetu hawataona ajabu. Hapa Elisabethville, ville ilikuwa ya wazungu, cité na kampi za wafanyakazi zilikuwa za weusi, na katikati waliacha kipande cha udongo tupu walichoita zone neutre. Usiku mweusi hakuwa na ruhusa ya kutembea mu ville bila karatasi. Bahari ilitutenga na Marekani, lakini sheria zilikuwa ndugu.

Sasa fikiri mwanamuke mweusi, peke yake, juu ya moto, saa kumi na mbili za magaribi, mu muji asioujua. Hoteli ziko, franga iko mu mufuko, lakini mulango umefungwa juu ya rangi. Bessie alifanya namna hii. Kama alipata familia ya weusi, waliomukaribisha, alilala kwao, na hiyo ilitokea mara nyingi, kwani weusi walijua shida ya njia. Kama hakupata, alienda ku stasio ya esansi, anasimamisha moto, anakunja koti yake na kuiweka juu ya usukani sawa muto, ananyoosha miguu mpaka nyuma ya moto, analala. Asubui anapiga teke, anaenda.

Mu mwaka 1936, mufanyakazi mumoja wa posta, mweusi, jina lake Victor Hugo Green, alianza kutoa kitabu cha kuonyesha wasafiri weusi nyumba, hoteli na restora ambamo wangepokewa bila matusi. Kitabu kile kilitoka miaka karibu 30. Tunataja jambo hili kwa sababu linaonyesha kitu: kusafiri kulikuwa kazi ya watu wengi pamoja. Mutu anayepanda moto peke yake anabebwa na wale wanaomufungulia mulango. Bessie aliitwa shujaa, na ni haki. Wale mama waliomutandikia kitanda bila kumujua, majina yao hayakuandikwa.

Hatari ilikuwa ya kweli. Alieleza kama siku moja mu kusini, muzungu mumoja mwenye kamionete alimufuata na kumugonga kwa kusudi, akamuangusha ku njia. Aliamuka, akaendelea.

Ushindi bila malipo

Safari zinakula franga. Bessie alizipata namna gani? Alikuwa anafanya michezo ya moto mu maonyesho ya kutembea, yale yanayohama muji kwa muji. Muchezo mukubwa ulikuwa wa ukuta: wanajenga pipa kubwa sana ya mbao, wazi juu, watu wanasimama kuzunguka mudomo wake na kuangalia ndani. Mwenye moto anaanza kuzunguka chini, anaongeza mbio, kisha anapanda ukuta wenyewe, moto ikilala pembeni kabisa. Mbio njo inamushikilia ku ukuta. Ikipunguka, anaanguka. Bessie alifanya ile kazi, watu wakalipa kumuangalia.

Alijaribu pia mashindano ya mbio ku uwanja wa udongo. Wanawake hawakukubaliwa. Basi, kufuatana na maelezo yake, aliingia akivaa sawa mwanaume, uso umefunikwa. Akashinda. Alipotoa kofia na watu wakaona ni mwanamuke, walikataa kumupa franga ya ushindi.

Hapa watu wa sendika tusimame kidogo. Mbio aliyokimbia ilikuwa ile ile. Moto ilikuwa ile ile. Vumbi aliyokula ilikuwa ile ile. Kitu kilichobadilika ni paka kile walichoona chini ya kofia. Mu mine zetu tunajua hadithi hii. Mama anayetwanga mawe na kuosha madini pembeni ya muto, wale tunaowaita twangaises, anafanya kazi tangu asubui mpaka magaribi, lakini siku ya kugawa franga, hesabu yake inakuwa ya mwisho na ndogo. Wakimuuliza mwenye kugawa sababu, hana sababu. Mwanaume mwenzake anaangalia kando. Bessie hakuwa na sendika ya kumusemea ile siku. Aliondoka bila kitu.

Miaka ya vita

Vita ya pili ya dunia ilipofika Marekani mwaka 1941, Bessie alifanya kazi ya kupeleka barua na makaratasi ya jeshi kwa moto, kutoka kambi moja mpaka ingine ndani ya inchi. Hakuwa askari, alikuwa raia mwenye kufanya kazi kwa jeshi. Alisema kama mu kikosi chake alikuwa mwanamuke peke yake. Aliendesha Harley yake mwenyewe, ya rangi ya bluu. Mu mazoezi walifundishwa hata kuunga daraja ya kamba na matawi ya miti ili moto ipite juu ya maji. Mu ile miaka alivuka Marekani mara nane, mashariki mpaka magaribi na kurudi.

Tukumbuke kitu kimoja. Mu miaka ile ile shaba yetu ilikuwa inatoka hapa kwenda kusaidia ile vita. Na mu mwezi wa 12 mwaka 1941, wafanyakazi weusi wa Union Minière walisimamisha kazi Elisabethville kuomba mushahara wa kutosha. Askari waliwapiga risasi mu uwanja wa mupira, watu wengi wakafa, na kati yao Léonard Mpoyi aliyekuwa anasema kwa jina lao. Kule Marekani, mwanamuke mweusi anabeba karatasi za jeshi la inchi inayomukataza kitanda. Huku Katanga, mweusi anatoa shaba ya kupigania uhuru wa watu wengine, na akiomba mukate anapata risasi. Vita ilikuwa moja. Mufanyakazi mweusi, fasi zote mbili, aliitwa wakati wa kazi na kusahauliwa wakati wa malipo.

Nyumba na ndoa

Maisha ya nyumba yake hayakuwa mepesi. Aliolewa mara sita, akaachana mara sita. Na bwana wa kwanza alizaa watoto watatu, wote wakafa wangali wadogo. Kisha hapo hakuzaa tena. Jina Stringfield ni la bwana wa tatu. Walipoachana, yule bwana alimuomba abakie na lile jina, kwa sababu aliamini Bessie atalifanya lijulikane. Hakukosea.

Mama aliyepoteza watoto watatu anajua uzito ambao moto ya kilo 250 haifikie. Bessie hakupenda kusema sana juu ya jambo lile. Aliendelea kupanda moto.

Malkia wa Miami

Mu miaka ya 1950 alihamia Florida, upande wa Miami. Alinunua nyumba mu Opa-locka, akasomea kazi ya infirmière, na akafanya ile kazi ya kuangalia wagonjwa. Kwa hiyo tusifikiri alikuwa mutu wa kutembea tu. Alikuwa na kazi, alikuwa na nyumba, alikuwa na deni za kulipa sawa sisi wote.

Mwanzoni polisi wa Miami walimusumbua. Kila mara wanamusimamisha njiani, wanamuambia kama mwanamuke mweusi hana ruhusa ya kupanda moto mu muji wao. Bessie hakuwatukana, hakukimbia, hakutoa matabishi ya kujificha. Alienda ku biro ya polisi na kuomba kuona mukubwa wao mwenyewe. Ule mukubwa, muzungu, alimupeleka mu uwanja mumoja na kumupa mutihani: azunguke namba nane, apite hapa, ageuke pale. Bessie alifanya yote, na ya kuongeza. Tangu siku ile alipata permi na hawakumusumbua tena.

Matabishi tunaijua sote: ile franga ndogo ya kumaliza shida ya leo ili ianze upya kesho. Bessie alitaka shida iishe. Alipanda mpaka ku mukubwa mwenye kuwa na uwezo wa kukata maneno, akaonyesha kazi yake mbele ya macho yake. Ni njia ile ile tunayofundisha delege mupya: kama capita anakataa, usigombane naye siku 30, panda mpaka kwa yule anayetia sainyi.

Baadaye Miami yenyewe ilimuita Malkia wa Moto. Alianzisha chama cha wenye moto, Iron Horse Motorcycle Club, maana yake Farasi wa Chuma. Ku siku kubwa za muji alipita mbele ya watu juu ya Harley yake.

Vyama na mikutano

Hapa lazima tueleze kwa nini chama kilikuwa jambo kubwa. Chama kikubwa cha wapanda moto wa Marekani, American Motorcyclist Association, kilianzishwa mwaka 1924. Chenyewe njo kilisimamia mashindano na mikutano. Kwa miaka mingi, mpaka mu miaka ya 1950, weusi hawakukubaliwa kuwa wanamemba. Mwaka 1938, mu muji mudogo wa Sturgis, jimbo ya South Dakota, ulianza mukutano wa moto ambao mpaka leo unaita maelfu na maelfu ya watu kila mwezi wa nane. Mu Florida, Daytona, wenye moto wanakutana kila mwezi wa tatu. Weusi walipofika Daytona, walikuwa na mutaa wao, barabara yao, na mpaka leo wengi wanapenda kukutana kule, sasa kwa kupenda kwao.

Mu miaka ya 1970, weusi walianza mukutano wao mukubwa unaohama muji kwa muji kila mwaka, National Bikers Roundup. Familia nzima zinakuja na hema na majiko. Kuna muchezo mumoja mu mikutano hii tunaoupenda kuueleza: mashindano ya kwenda polepole. Moto zinapangwa ku mustari, zinaanza pamoja, na yule anayefika wa mwisho bila kutia muguu chini njo anashinda. Kwenda mbio kila kijana anaweza. Kusimamisha kilo 300 karibu bila kutembea, ile ni ufundi. Kuna pia zawadi kwa aliyetoka mbali kuliko wote, kuna zawadi kwa muzee kuliko wote, na mara nyingi franga inayokusanywa inapelekwa kwa watoto wagonjwa.

Kwa nje ni watu wanaocheza na moto. Kwa ndani ni musaada. Kama memba ameanguka ku njia, wengine wanakuja na kamionete. Kama amekufa, wanamusindikiza, moto mbili mbili, mpaka ku kaburi. Hatuna lazima ya kueleza hii kwa watu wa mine, kwani matanga yetu tunayafanya vile vile.

Moyo mukubwa

Mu uzee, Bessie alipata ugonjwa wa moyo. Moyo wake ulikuwa umevimba, umepita kipimo. Munganga alimuomba aache moto. Bessie alikataa. Kwake kuacha moto kulikuwa sawa na kuacha kuishi. Aliendelea kupanda karibu mpaka mwisho.

Mwaka 1990, chama kile kile kilichofungia weusi mulango kilifungua jumba la historia ya moto mu Ohio, na Bessie alikuwa kati ya watu walioonyeshwa humo tangu mwanzo. Alikufa mwezi wa pili mwaka 1993, Miami. Mwaka 2000 chama kikaweka zawadi yenye jina lake, kwa wanawake wanaofungulia wengine njia mu mambo ya moto. Mwaka 2002 jina lake likaandikwa mu orodha ya heshima ya chama. Alikuwa amekufa miaka tisa. Leo wanawake weusi wa Marekani wenye moto kubwa wanafanya safari za kumukumbuka, mamia ya kilometa, na usiku wanalala mu hoteli, kitandani, bila mutu kuwauliza.

Kitu cha kubakia nacho

Kati ya mambo tuliyoandika hapa, mengine tunayajua kwa mudomo wake tu: ndoto, ile mbio aliyonyimwa malipo, kamionete iliyomugonga. Mengine yaliacha alama: nyumba ya Opa-locka, kazi ya infirmière, chama, Harley zake, watu wa Miami waliomuona kwa macho. Maisha ya mufanyakazi mara nyingi yanakuwa namna hii. Mukubwa anaacha makaratasi. Mudogo anaacha maneno yake na watu waliomuona. Ndiyo sababu tunaomba kila siku wazee waliofanya kazi ku mine waelezee watoto, na watoto waandike, mbele ya wazee kwisha.

Na tuseme neno moja kwa ba papa. Siku hizi kuna wasichana wanaoomba kujifunza moto, wanaoomba kuingia ku garaji, wanaoomba kuendesha kamio kubwa za mine. Mara nyingi jibu tunalowapa ni lile polisi wa Miami walimupa Bessie. Tusiwape lile jibu. Tuwape mutihani, sawa na wa wanaume, uwanja ule ule, namba nane ile ile. Wakifaulu, tuwalipe sawa sawa. Na kaske ku kichwa, mwanaume ao mwanamuke, kila siku, hata kama ni mpaka ku soko tu.